Chano cha Idi: Safari ya Lamu na Nyama za Siku za Tashriq



Mpendwa msomaji, wiki hii sikuleti darsa la twahara wala maelezo ya mirathi. Nakuletea habari ya safari, habari ya chakula, na habari ya kosa langu mwenyewe. Dada yangu ndiye aliyeniagiza niliandike bila kulipunguza. Naye ni mkubwa wangu kwa umri, amri yake naitii.

Kosa lilitokea Idi Kubwa ya mwaka juzi. Ukoo wetu hukusanyika nyumbani kwa dada huyu, Lamu, katika mtaa wa Mkomani, siku mojawapo katika zile tatu zinazofuata Idi. Mwaka huo binti yake, mpwa wangu, alikuwa amepata kazi ya jikoni katika hoteli moja ya watalii, na kwa mshahara wake wa kwanza akaazimia kutukirimu. Alitutolea ubao mrefu uliopangwa nyama baridi zilizokatwa nyembamba kama karatasi, jibini, zabibu, zaituni, biskuti za chumvi na kikombe cha asali. Watoto walishangilia. Mimi nikauliza, pakiti ya nyama iko wapi? Nikaletewa. Nikaisoma, nikaona imetajwa jelatini, pasi na kuelezwa ni ya mnyama gani, wala hapakuwa na alama ya halali. Nikausukuma ule ubao mbele ya wageni wote, nikasema kwa sauti, "Mmetuletea uchafu kwenye mkeka wa Idi."

Kwa upande wa hukumu sikukosea. Jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na nyingi katika viwanda vya ulimwengu hutokana na nguruwe. Asiyejua asili yake na aiwache. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna mambo yenye shaka ambayo mwenye kujiepusha nayo amejilindia dini yake na heshima yake. Lakini nilijilindia heshima yangu kwa kuivunja ya mtoto wa dada yangu. Mpwa wangu aliunyanyua ubao wake, akaingia ndani, hatukumwona tena jioni hiyo. Mwaka jana nilipofika Lamu kwa Idi, niliambiwa yuko kazini, aliomba mwenyewe apangiwe zamu ya siku zote. Dada hakunilaumu. Wakati wa kula alitazama mkeka, akasema maneno machache tu: "Sinia la mwaka huu lina pengo."

Maneno hayo nilirudi nayo Mombasa, nikakaa nayo mwaka mzima.

Mwaka huu nilikata tiketi mapema. Siku ya saba ya Dhul-Hijja nilikwenda Marikiti nikanunua iliki, pilipili manga, bizari nzima, mdalasini, tende na samli, kisha halwa kutoka duka la halwa la Mji wa Kale. Siku ya nane, baada ya swala ya Alfajiri, nikapanda basi. Mke wangu aliponiona na vikapu viwili alitabasamu, akauliza kama nakwenda kufungua hoteli. Nikamjibu nakwenda kuomba radhi, na mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu.

Msomaji wa Mombasa anayekwenda Lamu kwa ndege hupitwa na mengi. Barabara ile ni kama duka refu la viungo vya sinia. Ukifika Kilifi, mkono wa bahari unauvuka kwa daraja. Sisi tuliokuwa vijana kabla ya daraja hilo kujengwa tuliuvuka kwa feri, tukisubiri foleni juani. Basi likisimama hapo, wachuuzi hukujia dirishani na vifuko vya korosho za kukaanga. Nilinunua vifuko vinne. Mama mmoja aliyeketi jirani yangu akanionya nionje kwanza moja kutoka kila kifuko, maana korosho iliyokaa sana huwa na harufu ya mafuta mabovu, na iliyo bora huwa na utamu unaobaki ulimini. Nikaonja, nikarudisha kifuko kimoja. Mchuuzi hakukasirika, alinipa kingine.

Baada ya Malindi na daraja la mto Sabaki, unafika Gongoni na Marereni, na hapo macho yanaona weupe upande wa bahari. Ni mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo huyanywa maji, na chumvi hubaki chini. Huchotwa ikalundikwa vichuguu vyeupe kama vilima vya mchele. Mara ngapi nimepita hapo nikiwa nimelala! Safari hii nilikuwa macho, nikakumbuka neno tunalolitamka kila mwaka mimbarini bila kulifafanua: Ayyamut-Tashriq, yaani siku za tashriq.

Siku hizo ni tatu: ya 11, ya 12 na ya 13 ya Dhul-Hijja. Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa ni siku za kula, za kunywa na za kumtaja Mwenyezi Mungu, na kwa ajili hiyo haifai kuzifunga. Wanazuoni wa lugha wametaja sababu za jina lake, na iliyo mashuhuri ni kwamba Waarabu walikuwa wakiikata nyama ya udhiya vipande vyembamba na kuianika juani ikauke. Kuanika huko ndiko tashriq. Basi kumbe siku zetu za Idi zimepewa jina la nyama inayoanikwa kwa chumvi na jua. Na nyama kavu ya namna hiyo, inayoitwa qadid, imo katika habari za Mtume mwenyewe. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume chakulani, akamkaribisha kwa mkate na mchuzi uliokuwa na boga na qadid. Na mtu mmoja alipofika mbele yake akitetemeka kwa haiba yake, Mtume alimtuliza kwa kumwambia kuwa yeye si mfalme, ni mtoto wa mwanamke wa Kikureshi aliyekuwa akila qadid.

Nilipofikiri habari hiyo ya pili, niliona haya peke yangu ndani ya basi. Mbora wa viumbe alimtuliza mgeni anayetetemeka kwa kutaja nyama kavu. Mimi, mwalimu wa chuo cha watoto, nilimtetemesha mtoto wangu kwa sababu ya nyama.

Tulifika Minjila, njia panda ya Garsen, ambapo barabara moja huelekea Garissa na nyingine Lamu. Hapo ndipo nchi ya mto Tana, na ng'ombe wa Waorma huonekana kandokando ya barabara, wamenyoosha pembe zao angani. Kuna ukaguzi njiani. Abiria hushuka na vitambulisho mkononi, kisha hupanda tena. Tukapita Witu, mji uliokuwa makao ya masultani wa Kinabahani waliotoka Pate katika karne ya 19, ambao leo hujulikana zaidi kwa mashamba yake ya maembe. Mwishowe barabara ikakoma Mokowe, na mbele yetu pakawa maji. Ni msimu wa kusi. Mashua ilipigwa ubavuni na mawimbi, nami nikavikumbatia vikapu vyangu kama mtu aliyebeba watoto.

Lamu haina haja ya kusifiwa na mimi. UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka 2001, lakini wenyeji waliujua thamani yake kabla ya hapo. Ukitoka gatini ukapita Mkunguni, mbele ya ngome, ukaingia katika vichochoro, mabega yako hugusa kuta za matumbawe huku na huku, na punda akija na mzigo wa mawe unalazimika kusimama ndani ya daka la nyumba ya watu mpaka apite. Mji wa namna hiyo humfunza mtu kuwapisha wenzake. Nilisimama madaka matatu kabla sijafika kwa dada.

Mpwa wangu alikuwa kiwandani, karibu na kisima, akichambua mchele. Aliinuka, akanipa mkono, akaubusu mkono wangu kama ilivyo desturi, lakini macho hakuyainua. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja na samli, iliki na tende. Nataka unifundishe kutengeneza ule ubao wako."

Akajibu kwa upole, "Ubao ule niliurudisha hotelini, mjomba."

Palikuwa kimya. Kisha dada yangu akapanda ngazi, akarudi na kitu kilichofungwa kwa leso kuukuu. Kilikuwa chano cha marehemu mama yetu. Vijana wa leo wanalijua sinia la bati au la alumini, lakini chano ni sinia la mti, lililochongwa kipande kimoja, duara, lenye ukingo mfupi. Hiki chetu kilikuwa kimekuwa cheusi kwa miaka ya mafuta na viganja. "Hotelini hawana hiki," dada akasema, akakiweka baina yetu.

Siku ya Arafa tulifunga, na mchana wake tulikaa yeye na mimi tukipanga kazi. Nilimwomba anieleze alichojifunza. Akaniambia kuwa wageni wa Ulaya huziita nyama zile kwa jina la Kifaransa, charcuterie, na maana ya asili ya neno hilo ni nyama iliyopikwa. Wenye ufundi huo huko Ufaransa walishughulika hasa na nguruwe, kwa sababu ndiye mnyama waliyemchinja kuelekea majira ya baridi na kumhifadhi kwa chumvi na moshi. Lakini kanuni za ufundi, akasema, hazimhitaji nguruwe. Kanuni ni nne: nyama ikolee chumvi mapema, ipoe kabisa kabla ya kukatwa, ikatwe nyembamba dhidi ya nyuzi zake, na kila chenye mafuta kiwekewe chenye ukali karibu yake ili ulimi usichoke.

Nami nikamweleza habari ya tashriq na ya qadid. Alinisikiliza akiwa ameacha kazi yake. Nilipomaliza aliyainua macho kwa mara ya kwanza. "Basi mjomba, kazi hii tulikuwa nayo sisi, tukaisahau jina."

"Na mimi niliyesoma jina," nikamjibu, "nilisahau kazi."

Idi ilisaliwa, na baada ya swala tulichinja. Nyumba saba za ukoo wetu zilishirikiana ng'ombe mmoja, kama sharia inavyoruhusu. Hapa mpwa wangu alitaka tuanze kuchagua mnofu wa kukausha, lakini dada akamzuia. Kwanza fungu la maskini na fungu la majirani litoke mlangoni. Na hilo lina asili yake. Mtume (s.a.w.) mwaka mmoja aliwakataza masahaba kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku tatu, kwa kuwa watu wenye njaa walikuwa wameingia Madina. Mwaka uliofuata akawaruhusu wale, watoe na waweke akiba. Maana yake ni kuwa ruhusa ya kukausha nyama imekuja baada ya mwenye njaa kushiba. Watoto walizunguka mtaani na sahani zilizofunikwa kwa makawa, wakarudi nazo tupu mara tano, na ndipo tukatoa kisu.

Kwa fungu letu tulifanya nyama za namna tatu, nami nazieleza kwa wenye kutaka kujaribu nyumbani.

Ya kwanza ni nyirinyiri, ambayo ndugu zetu Wasomali na Waborana wanaijua kuliko sisi. Tulichukua kilo 5 za mnofu wa paja, tukaondoa mafuta yote na mishipa, tukaukata vipande virefu vya unene wa kidole. Tukaupaka chumvi, maji ya ndimu, kitunguu thomu na pilipili manga, ukalala usiku mmoja katika friji. Asubuhi tukautundika kwa kamba juu ya dari, chini ya chandarua kuzuia nzi. Upepo wa kusi ulitusaidia. Mvua ikatujaribu. Alasiri ya siku ya pili tulisikia matone, na sheikh mzima nikapanda ngazi mbio kanzu nimeikunja mkononi, mpwa wangu mbele yangu, tukaokoa kamba zote mbili. Huko juu ndiko nilikomsikia akicheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Nyama ilipokauka tuliikata vipande vidogo kama punje za mahindi, tukaikaanga kwa samli na iliki kwa moto mdogo mpaka povu likakoma, maana povu ni dalili ya maji, na maji ndiyo yanayooza nyama. Zile kilo 5 zikabaki chini ya 2.

Ya pili ni kidari cha ng'ombe kilichochemshwa polepole kwa siki, bizari nzima, mdalasini na pilipili manga mpaka kikalainika, kisha kikapozwa katika maji yake, kikalala katika friji, na asubuhi kikakatwa nyembamba. Hii ndiyo iliyofanana zaidi na ile ya hotelini, na ndiyo iliyokwisha kwanza.

Ya tatu ni kababu ndogo za nyama ya kusaga, laini, kwa ajili ya watoto na wazee wasio na meno.

Pembeni tuliandaa achari ya ndimu na ya embe, ukwaju uliopondwa na pilipili, matango, nyanya, korosho za Kilifi, tende, ndizi mbivu, nanasi, jibini la maziwa ya ng'ombe tuliloligandisha wenyewe kwa maji ya ndimu, mkate wa mofa, mkate wa sinia uliokatwa pembe pembe, kaimati na halwa.

Ikabaki kupanga, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Mpwa wangu alianza kupanga kama alivyofunzwa kazini: nyama upande mmoja, jibini upande mwingine, matunda pembeni, kila kitu kwa mistari mizuri. Kisha akasimama, akatazama mkeka.

"Haitafaa," akasema. "Hotelini watu husimama, huzunguka ubao, kila mtu huenda anakotaka. Hapa watu watakaa. Atakayekaa upande wa halwa atapata wapi nyama?"

Nikakumbuka habari ya Umar bin Abi Salama, aliyekuwa mtoto katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), ambaye mkono wake ulikuwa ukitangatanga katika sinia. Mtume alimfundisha mambo matatu: amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Wanazuoni wametaja ruhusa ya mkono kutembea iwapo vyakula ni vya namna mbalimbali. Lakini mpwa wangu alitafuta njia iliyo bora kuliko ruhusa. Alikigawa chano mafungu sita, kwa watu sita, na katika kila fungu akaweka kila kitu kidogo kidogo: nyama zote tatu, achari, tende mbili, korosho, jibini, tunda. Katikati akapanda mkate wa mofa kwenda juu na halwa kileleni, kwa kuwa tumefundishwa kuanzia kandoni na kuiacha kati, maana baraka huteremkia kati. Kilipokamilika kilikuwa kama nyota yenye pembe sita, na hapakuwa na mahali bora wala mahali duni pa kukaa. Masinia mengine matatu ya alumini tuliyapanga vivyo hivyo, watu 24 kwa jumla.

Tulikula alasiri ya siku ya mwisho ya tashriq. Katika wageni alikuwamo baba mkwe wa dada, mzee ambaye macho yake yamekwisha kuzima. Miaka yote tumemwekea sahani yake peke yake kando, tukidhani tunamsaidia. Mpwa wangu alimshika mkono, akamketisha kwenye chano cha mama, akakiongoza kiganja chake. "Babu, mbele yako nyama kavu. Kulia kwako tende. Kushoto achari, ina pilipili. Ukinyoosha mkono, mkate." Mzee akagusa kila kimoja kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa. Aya ya 61 ya Suratun-Nur huanza kwa kumwondolea dhiki kipofu, kiguru na mgonjwa, kisha ikazitaja nyumba za baba, za mama, za ndugu, za ami na shangazi, za mjomba na khalati, na ikatuambia hakuna ubaya kula pamoja au mbalimbali. Nimeisomesha aya ile miaka mingi. Sikuwahi kuiona imekaa mkekani mpaka siku hiyo. Shemeji yangu mwenye sukari naye alikuta fungu lake halina kaimati wala tende. Limejazwa matango, korosho na nyama zaidi, pasi na mtu kumtangaza maradhi yake.

Kabla ya bismillahi niliomba ruhusa ya kusema. Nilisema, "Mwaka juzi, mahali hapa, mbele ya nyinyi nyote, nilimvunjia heshima binti huyu. Nyama ile haikufaa kuliwa, na hilo sitalibadilisha. Lakini nilipaswa kumwita kando, nikamweleza kwa siri, nikamshukuru kwa nia yake. Kosa nililifanya hadharani, na radhi naiomba hadharani. Mwanangu, nisamehe."

Hakuna aliyejibu. Nilisikia punda akipita nje. Mpwa wangu alikuwa ameinama, mtandio ameushika mdomoni. Ndipo yule mzee akasema, bila kugeuza uso, "Wallahi nilikuwa naogopa nyama itapoa. Kumbe nyama imepoa tangu asubuhi, aliyekuwa moto ni mjomba. Alhamdulillahi naye amepoa. Haya, bismillahi."

Mkeka mzima ulicheka. Mpwa wangu naye alicheka, kisha akafuta macho, kisha akachukua kipande cha kidari kutoka fungu lake akakiweka mbele yangu. Hakusema kuwa amenisamehe, nami sikumdai neno hilo. Tulikula mpaka mkate wa katikati ukaanguka.

Usiku, tulipokuwa tukiosha chano, kwa maji ya uvuguvugu na ndimu bila kukiloweka, maana mti ukilowekwa hupasuka, aliniuliza, "Mjomba, mwakani nikileta zaituni za kopo, utakula?"

Nikamwambia, "Nitakula. Na kopo tutalisoma pamoja, mimi na wewe, jikoni, kabla ya wageni."

Ndugu zangu wazazi, haya ndiyo niliyorudi nayo. Sinia la Idi si lazima liwe la gharama. Nunueni nyama kwa mchinjaji mnayemjua. Chakula cha pakiti kisomwe maandishi yake dukani, kabla fedha haijatoka, na kile ambacho asili yake haijulikani kiachwe hukohuko. Nyama baridi isikae juani wala mezani zaidi ya saa 2. Fungu la maskini litoke kwanza. Pangeni sinia kwa kuwatazama watakaokaa: nani haoni, nani hatafuni, nani ana sukari, nani ni mtoto. Na kijana akileta kitu kigeni kutoka huko alikojifunza, na mkaona kina kasoro, mwiteni kando. Mkono unaotaka kusukuma sinia na utangulie kumshika mtoto bega.

Chano cha mama kimebaki Lamu. Dada amekitoa katika leso yake, amekiegemeza ukutani chini ya zidaka, mahali kinapoonekana na kila anayeingia.

Mwenyezi Mungu atukubalie udhiya zetu, azikusanye nyoyo zetu kama alivyoikusanya mikono yetu katika sinia moja, na awape vijana wetu waalimu wenye upole kuliko mimi. Amin.

Wabillahi tawfiq.